Saa Nane za Wiki: Ziwa, Kinga na Miguu

Nina saa 8 kwa wiki za mazoezi. Wiki ya neema zinafika 10, na wiki ya zamu za usiku zikifika 5 nashukuru Mungu. Mimi ni muuguzi, nina mume na watoto, naishi Himbi, upande wa magharibi wa Goma, mashariki mwa Kongo, karibu na Ziwa Kivu kiasi kwamba usiku ukitulia unawasikia wavuvi wakiitana. Saa hizo 8 nazigawa kwa michezo mitatu ya triathloni: kuogelea, kinga (ndivyo sisi Goma tunavyoita baiskeli) na kukimbia. Kila mmoja ungezimaliza zote peke yake ukiuachia.

Agosti 2022, Rubavu, hapo ng'ambo ya mpaka tu, ilipokea mashindano ya triathloni ya IRONMAN 70.3 ya kwanza ya Rwanda. Hiyo 70.3 ni jumla ya maili: unaogelea kilomita 1.9, unapanda baiskeli kilomita 90, halafu unakimbia kilomita 21.1, na saa haisimami hata ukibadilisha viatu. Nilivuka na mdogo wangu kwenda kutazama. Wakati huo nilikuwa mkimbiaji wa kawaida, wa yale makundi ya Jumamosi asubuhi yanayokimbia huku yakiimba. Nikaona wanawake wa rika langu wanatoka majini, wengine wakitembea kabisa, bila aibu. Mdogo wangu akanigusa bega: "Yaya," yaani dada mkubwa, "hii hata wewe unaiweza." Hakujua anasema nini, nami sikujua nimekubali nini.

Nilipoanza kuuliza watu, ushauri ulionijia upesi ulikuwa wa kugawa sawa: siku mbili maji, siku mbili kinga, siku mbili mbio, Jumapili kanisani. Kwenye karatasi unapendeza. Shida ni kwamba siku ya mashindano haigawi sawa. Kwa mtu wa kasi yangu, kuogelea kunachukua kama dakika 45, kinga karibu saa 4, kukimbia saa 2 na nusu. Zaidi ya nusu ya siku umekaa juu ya kiti cha baiskeli, na majini umekaa sehemu moja ya kumi.

Basi gawa kwa hesabu hiyo, mtu atasema. Nayo ina tundu. Sehemu moja ya kumi ya saa 8 ni dakika 48: unaingia ziwani mara moja kwa wiki. Anayejifunza kuogelea ukubwani kwa mara moja kwa wiki anaanza upya kila wiki. Tena mashindano ya umbali huu kwa kawaida yanakupa saa 1 na dakika 10 uwe umetoka majini, na saa 8 na nusu kumaliza yote. Kwenye kinga ukichelewa kidogo, miguu inaweza kukukomboa. Majini ukichelewa, siku yako imekwisha kabla jua halijachoma.

Kilichonisaidia ni kuhesabu kila mchezo unanigharimu nini hapa Goma, katika mtaa wangu, kwa mtu wa kazi kama yangu.

Kukimbia ndiko nafuu. Nafunga kamba, nafungua geti, nimeanza. Saa moja ya mbio ni saa moja. Kuogelea nusu saa kunameza saa nzima: kushuka ziwani, kumsubiri kijana wa mtumbwi anayenisindikiza, kuvua nguo, kuingia, kutoka, kujikausha, kupanda tena, na nywele, ambazo zina ratiba yao na haziulizi kama una zamu. Kinga nayo ina dakika zake za kujificha. Mnyororo unajaa vumbi jeusi la lava, unaupangusa. Mawe yetu yanakata, tairi inapasuka, unakaa kando ya njia na pampu mkononi huku watoto kumi wanakushauri. Siku nyingine tatizo linakushinda, unaisukuma mpaka kwa fundi, na fundi ana wateja wengine, wenye kinga za kubebea mizigo, ambao kwao ile ni kazi ya siku.

Kwa hiyo saa 8 zangu nilianza kuziandika mlango hadi mlango, kuanzia ninapoacha nyumba mpaka ninaporudi kuwa mama wa watu. Mume wangu ndiye aliyenisukuma kwenye hesabu hiyo. Asubuhi moja alinipokea getini na kusema, taratibu kabisa, "Mama watoto, ulisema saa moja. Watoto wamekula, wameoga, wamegombana na wamepatana." Hakuongeza neno, nami sikuwa na la kujibu.

Kwa hesabu hiyo mgawo uliokaa ulikuwa huu: saa 3 za ziwa, ambazo ndani yake kuogelea kwenyewe hakuzidi saa 1 na nusu, mara tatu za nusu saa, saa 3 na nusu za kinga, safari moja ndefu na kipindi kimoja kifupi, na saa 1 na nusu tu za mbio. Ukiutazama haraka utaona ziwa limependelewa na mbio zimeonewa. Nitaeleza.

Nianze na maji. Ziwa Kivu lina jina la kutisha kwa wageni. Kina chake kinakaribia mita 480, na huko chini kumeyeyuka gesi nyingi, methani na dioksidi ya kaboni. Mwogeleaji hana shughuli huko. Yuko juu, kwenye maji ya nyuzi 23 au 24, yasiyo na mamba. Hatari yetu iko ukingoni, nayo ni mazuku. Ni hewa ya dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini kupitia nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inashuka na kukaa mabondeni na kwenye mashimo, hasa upande wetu huu wa magharibi ya mji. Haina rangi, na pua haikuambii kitu. Mtu anainama kuchukua kitu shimoni, hainuki tena. Wauguzi wa mji huu tunazijua habari zake kwa majina ya watu.

Sasa angalia inavyobana ratiba. Ziwa limelala vizuri zaidi alfajiri, kabla upepo haujaamka. Alfajiri hiyo hiyo isiyo na upepo ndiyo saa ya mazuku. Mazoezi ya saa 11 alfajiri ambayo wenzetu wa miji mingine wanayasifu, kwangu hayapo. Ninaingia kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, jua likiwa limepanda na hewa imeanza kutembea, mahali palipo wazi ambapo wavuvi wenyewe wanapita kila siku. Siendi peke yangu. Na nikiona ndege au panya amekufa kwenye shimo la mawe, nageuka nyumbani, mazoezi au siyo mazoezi. Kuna wiki nzima zilipita na kipindi kimoja tu cha maji kwa sababu ya zamu kugongana na saa hizo mbili. Niliacha kuzifidia. Kufidia ndiko kunakomwingiza mtu ziwani jioni, mawimbi yakiwa yamesimama.

Kijana wa mtumbwi ni mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Anarudi asubuhi na wenzake, anauza, halafu kwa pesa ndogo tuliyopatana ananifuata kwa mtumbwi mdogo huku anakula kiporo chake. Hajawahi kunifundisha mtindo wowote, na yeye mwenyewe anaogelea kichwa kikiwa juu kama wavuvi wote. Lakini jicho lake ni kali. Siku za mwanzo alinitazama nikitapatapa, akasema: "Mama, unapiga maji sawa vile iko na deni yako." Nilicheka mpaka nikayanywa.

Alikuwa amesema jambo lote la kuogelea. Maji yana uzito wa karibu mara 800 ya hewa. Ukiongeza nguvu bila kunyoosha mwili, nguvu ile inaliwa na maji hayo hayo. Mkimbiaji anaingia ziwani na moyo mzuri na mapafu mazuri, na bado anapitwa na mtoto wa Kituku, hapo ukingoni ninapoogelea, mwenye miguu kama njiti. Kinachopatikana majini ni ustadi, na ustadi unajengwa kwa kurudia-rudia. Nusu saa mara tatu ilinipa kitu ambacho saa 1 na nusu ya mara moja haikunipa, kwa sababu dakika ya ishirini na tano hivi mkono wangu ulikuwa umeanza kushuka, na kutoka hapo nilikuwa najifundisha ubaya.

Jambo lililonifungulia njia lilikuwa kupumua nje. Tuko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mtu anayebana pumzi chini ya maji anageuka kuvuta akiwa bado amejaa hewa iliyochoka. Anavuta robo, anarudi, anabana tena, na mita 50 baadaye anaona giza. Nilitumia vipindi vingi nikiwa nimesimama kwenye maji ya kifua, uso ndani, nikitoa mapovu puani polepole mpaka yaishe, nageuza kichwa, nachota hewa, narudi. Wanawake waliokuja kufua walidhani naomba. Kisha mita 50 kwa mita 50, na pumziko katikati, nikihesabu mikono. Hesabu ikishuka kwa umbali ule ule, nimepata. Ikipanda, nimechoka, natoka hata kama muda haujaisha. Kila mikono kumi hivi nainua macho kutafuta Mlima Goma, pale karibu na bandari, maana ziwani hakuna mstari wa kufuata, na ukiogelea ukipinda, kilomita 1.9 zinakuwa 2.3 bila mtu kukulipa.

Faida nyingine ya maji ni kwamba hayavunji mwili. Baada ya zamu ya usiku, miguu imevimba kwa kusimama, siwezi kuaminiwa juu ya kinga kati ya wamotari, waendesha pikipiki wetu. Lakini ziwani naweza kuingia polepole, nusu saa, nikatoka nimepata nafuu kuliko nilivyoingia. Hivyo siku za baada ya zamu zikawa za ziwa, na hilo likapanga zaidi ya nusu ya wiki yangu bila mimi kuumiza kichwa.

Kuanzia Juni upepo wa kusini unazidi na mawimbi yanafika mapema. Mwanzoni nilikuwa nayakwepa. Halafu nikafikiri: mashindano ni Agosti, mawimbi ya Agosti yatakuwa haya haya. Nikawa naenda kipindi kimoja cha wiki makusudi saa ziwa limekasirika kidogo, kujifunza kuvuta hewa upande wowote, kulia au kushoto, kulingana na wimbi linatoka wapi. Radi za msimu wa mvua ni kitu kingine. Ngurumo ya kwanza, tunatoka. Kijana wa mtumbwi huwa hata hanisubiri nimalize mita zangu, anageuza mtumbwi na mimi namfuata.

Kinga sasa. Hapa ndipo saa zinapokwenda, na hapa ndipo mji wetu ulipotubana zaidi.

Goma ilikuwa na njia mbili za kweli za kuendesha. Ya magharibi, kama kilomita 25 kufika Sake kupitia Mugunga, ambayo haina vilima vikubwa: unashika mwendo mmoja na kuubeba. Na ya kaskazini, barabara ya Rutshuru, inayopanda kutoka Munigi kwenda Kibati hadi Kibumba, volkano ya Nyiragongo ikikutazama kushoto. Ilipita juu ya lava ya Mei 2021, ambayo ilikuwa imeikata barabara hiyo, na pale palipovuka lava unasikia meno yako. Mpango wangu ulikuwa mzuri: wiki moja kaskazini kwa ajili ya vilima, wiki moja magharibi kwa ajili ya mwendo.

Mwisho wa 2022 vita vilifika Kibumba. Watu walishuka kwa maelfu wakakaa Kanyaruchinya, kando ya barabara ile ile niliyoiandika kwenye daftari langu kuwa "vilima". Kabla sijaelewa ukubwa wa mambo nilipanda Jumamosi moja nikiwa nimevaa kaptula yangu ya kubana na kofia ngumu. Pande zote mbili kulikuwa na vibanda vya matawi na vipande vya turubai, juu ya mawe yale meusi ambayo hayaruhusu hata kuchimbia mti. Wanawake walikuwa wamepanga bidoni za njano wakingojea maji. Kijana mmoja alikuwa akisukuma chukudu, ile kinga ya mbao ya mizigo isiyo na pedali, yenye godoro, masufuria na mbuzi juu yake. Niliposhuka kwenye kinga ili nipite kwa adabu, msichana wa kama miaka kumi akaja akashika usukani.

"Mama, unatoka wapi?"

"Mjini."

"Na unaenda wapi?"

"Narudi mjini."

Akanitazama, akaitazama kinga. "Sasa ulitoka juu ya nini?" Yaani, kwa nini nilitoka.

Sikupata jibu la kumpa. Nilimwambia naenda kuona barabara. Sikurudi tena huko na kinga ya mazoezi. Nilirudi kwa kazi, na gari, wakati wenzangu walipokwenda kutoa chanjo, na huko nilikuwa na cha kujibu. Sisemi kwamba anayefanya mazoezi wakati wa vita ana dhambi. Nimewaona watu waliopoteza kila kitu wakicheza mpira jioni katika kambi hizo, na hakuna aliyewauliza. Nasema tu kwamba barabara ile ilikuwa imekuwa ya wengine.

Baadaye kambi zikajaa upande wa magharibi pia, na kilomita zangu 90 zikawa ni hesabu ya kuzungushwa ndani ya mji. Kuzunguka mjini kuna udanganyifu ambao mtu asipoutazama atajisifu bure. Unatoka kwa muda wa saa 2, unarudi umechoka, umejaa vumbi, lakini ukiondoa kusimama kwa wamotari, kuteremka bila kukanyaga pedali, kungoja gari la kwanza na gari la pili, umefanya kazi kweli labda dakika 70. Nilijiuliza kama kuna namna ya kupata dakika hizo 70 bila kuzilipia saa mbili.

Ipo, na ni mbaya kwa macho. Kuna vyuma vinavyobana gurudumu la nyuma likaelea, na chini yake kiviringisho chenye uzito wa kuzuia, ili ukanyage bila kwenda popote. Changu ni cha mkono wa pili, cha kimakenika, hakihitaji umeme, na kwa Goma hilo ni jambo la maana. Kiliwekwa varandani. Dakika 45 pale hazina teremko wala pikipiki. Dakika 5 nakanyaga kwa nguvu ambayo siwezi kuzungumza, dakika 3 polepole, narudia mpaka jasho linatengeneza dimbwi. Jirani yangu, mama mwenye maneno, alikuja kuegemea ukuta akaniangalia jioni nzima ya kwanza. Kesho yake alimwuliza mume wangu kama tumekosa pesa ya kutengeneza kinga ile, maana inakanyagwa na haiendi.

Safari ndefu sikuiacha, kwa sababu varanda haikufundishi kukaa saa 4 kitini. Mgongo, shingo, viganja na tumbo vinafundishwa na muda tu. Hizo ndefu nikawa nazifanya ng'ambo, kwenye lami ya Rwanda, kila nilipopata Jumamosi huru. Upande huo una vilima kweli kweli. Kutoka katikati ya 2022 mpaka ulikuwa unafungwa saa 9 alasiri, kwa hiyo ilibidi nivuke mapema na nigeuke mapema, na foleni ya mpakani iliingia kwenye saa zangu za mlango hadi mlango kama kawaida. Wiki ya safari hiyo nilifuta kipindi cha varanda bila kusita. Mwili haukumbuki ulipanga nini, unakumbuka umelala saa ngapi.

Tumbo nalo lilihitaji saa zake. Juu ya kinga ndiko mtu anakokula, maana ukingoja kula wakati wa kukimbia, tumbo linakataa. Nilijizoeza ndizi za kuiva na chupa ya maji niliyotia sukari na chumvi kwa vipimo vile vile ninavyowafundisha akina mama wa watoto wanaoharisha. Wenzangu kazini waliona chupa wakasema dada amejilaza wodini mwenyewe.

Mbio nitazisema kwa ufupi, kwa sababu nilizipa kidogo na zilitosha. Nilikuwa tayari mkimbiaji. Moyo unaojengwa na kinga unasaidia kukimbia pia, ingawa si kwa kila kitu. Mifupa na kano ndizo zisizosaidiwa, na ndizo zinazovunjika ukizipakia haraka. Nimeona wengi wanaoanza triathloni wakiongeza mbio kwa kuwa ndizo rahisi kuongeza, halafu wanachechemea wiki tatu na hata kinga hawapandi. Mimi nilibaki na vipindi viwili. Kimoja cha polepole, cha dakika 50 au saa nzima, kinaongezeka kidogo kidogo. Kingine kifupi sana, cha dakika 20, na hicho ndicho nisingekiuza: naruka kutoka kwenye kinga, navaa viatu, natoka getini papo hapo. Miguu iliyotoka kukanyaga haijui inakimbia kwa kasi gani. Unadhani unajikokota kumbe umeenda mbio, na kilomita tatu mbele unalipa. Dakika zile 20 za vumbi la Himbi zilinifundisha kuanza polepole kwa makusudi, huku watoto wa mtaa wakinikimbiza nyuma wakipiga kelele, "Mama anafukuzwa! Mama anafukuzwa!"

Wiki sita kabla ya mashindano niligeuza mgawo. Ziwa likashuka kutoka mara tatu hadi mara mbili, kwa sababu mikono ilishajua njia na ustadi haupotei upesi ukishakaa. Saa iliyopatikana nikaipa kinga yote. Mbio ziliongezeka nusu saa. Wiki ya mwisho nilipunguza karibu kila kitu nusu, na nikajikuta na muda wa kukaa na watoto wangu bila kuangalia saa, wakashangaa wakaniuliza kama naumwa.

Mashindano yenyewe, ya mwaka uliofuata, yalikwenda kama mgawo ulivyosema yatakwenda. Majini nilitoka na dakika za kutosha mkononi, nikiwa mtulivu kuliko nilivyokuwa siku yoyote Kituku. Kwenye kinga vilima vya Rubavu vilinila, hasa mzunguko wa mwisho, na watu niliowaacha ziwani walinipita mmoja mmoja, wengine wakinisalimia. Kwa miguu nikawarudia baadhi yao. Nilimaliza ndani ya muda. Mdogo wangu alikuwa kwenye uzio akilia, na mimi sikuwa na maji mwilini ya kulia.

Matokeo yale yalinionyesha kitu ambacho daftari peke yake halikuonyesha. Saa 3 za ziwa zilinipa usalama, lakini baada ya miezi minne hivi hazikuwa zinanunua kasi tena. Kila nusu saa niliyoendelea kuiweka huko ingeniletea dakika moja au mbili siku ya mashindano. Nusu saa hiyo hiyo juu ya varanda, ikirudiwa kila wiki, ingeniletea nyingi zaidi, kwa sababu kwenye saa 4 za kinga hata badiliko dogo linazaa. Kwa hiyo kwa mtu kama mimi, aliyejifunza maji ukubwani, miezi ya kwanza ni ya ziwa bila huruma, kisha unalipunguza mapema kuliko moyo unavyotaka. Hapo ndipo wengi tunapokwama, maana ukishaanza kuogelea vizuri ndipo kunakuwa kutamu.

Februari 2024 vita vilifunga na barabara ya Sake, na mgawo ukabadilika tena wenyewe: varanda, ziwa, mbio za karibu na nyumba.

Juzi muuguzi kijana wa zamu yetu aliniomba nimwandikie programu. Ameona picha, amechangamka, anataka karatasi yenye siku saba. Nilimwambia alete kwanza ratiba yake ya zamu za mwezi, na aniambie analala wapi na ziwa liko mwendo wa dakika ngapi kutoka kwake. Ratiba ameleta. Kinga bado hajanunua, na kwa bei za sasa sidhani ataipata kabla ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo tumeanza na ziwa, Jumanne na Ijumaa baada ya zamu, pamoja na kijana wangu wa mtumbwi, ambaye ameshaongeza bei kwa kuwa sasa tuko wawili. Mbio atazipata akitembea haraka kwenda kazini. Varanda yangu iko wazi kwake Alhamisi jioni, kama hatajali jirani.